PICHA YA MJOMBA NA WEMBE WANGU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu wanafunzi, na nyinyi wazazi mnaolisoma jarida hili pamoja na watoto wenu, kila mwaka tunaandika humu juu ya fadhila za kutafuta elimu. Mwaka huu nimeona bora niandike juu ya kosa. Ni kosa langu mwenyewe. Nililifanya nikiwa na umri wa miaka 11, na nililifanya huku nikiamini kabisa kwamba naandikiwa thawabu. Nimelikumbuka kwa sababu kila mgeni anayeingia nyumbani kwangu huiona picha iliyotundikwa ukumbini, huisifu, kisha huuliza: "Na hiki kiraka hapa katikati ni cha nini?"

Leo nawajibu wote kwa pamoja.

PICHA YENYEWE

Picha hiyo imechorwa kwa mkono. Upana wake ni kama hatua moja ya mtu mzima, na kimo chake ni nusu ya hapo. Imechorwa juu ya kitambaa cha amerikani kilichovutwa na kupigiliwa misumari kwenye fremu ya mbao. Aliyeichora ni mjomba wangu, kaka yake mama, Allah amrehemu. Mjomba hakusomea uchoraji popote. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka na majina ya mabasi na malori pale Tanga mjini. Rangi aliyoitumia kwenye picha ni ile ile ya mafuta inayopakwa milangoni na madirishani, mabaki yaliyokuwa yakibaki chini ya makopo baada ya kazi za watu.

Picha yaonyesha pwani ya Tanga kama inavyoonekana kutoka juu ya milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani, alikozaliwa yeye na mama yangu. Chini kabisa pana jiwe kubwa jeusi, na kando yake majani mapana ya migomba na mashina ya iliki. Mbele ya jiwe msitu unateremka. Katikati ya msitu ipo njia nyembamba ya udongo mwekundu, na karibu yake mto Zigi, mwembamba kama uzi mweupe, unaonekana na kupotea kwenye miti. Kisha yanakuja mabonde ya Muheza: michungwa, na mkonge uliopandwa kwa mistari iliyonyooka kama safu za sala. Mbele zaidi kila kitu kinaingia rangi ya buluu iliyofifia. Na juu ya yote hayo imesimama bahari, kutoka ukingo mmoja wa picha hadi wa pili.

Hayo ndiyo yaliyopo leo. Lakini zamani palikuwa na kitu kimoja zaidi. Juu ya ile njia nyekundu alikuwapo mtu. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, ameupa mgongo upande wa mtazamaji, amevaa kikoi, na kichwani amejitwika mzigo. Alikuwa akiteremka kwenda Muheza.

Mtu huyo ndiye niliyemwua kwa wembe.

SOMO LA TASWIRA

Ilikuwa mwaka 1987. Tulikuwa tukikaa Ngamiani, mjini Tanga. Asubuhi nilikwenda shule, na alasiri nilikwenda madrasa. Mwaka ule nilikuwa nimeshahifadhi Juzuu Amma, na wenzangu wanajua jinsi mtoto anavyovimba kichwa akifika hapo. Nilikuwa nikiwasahihisha hata wageni wa baba yangu jinsi ya kutawadha.

Siku moja Maalim wetu alitusomesha juu ya taswira, yaani picha za viumbe wenye roho. Akatueleza khatari yake, na akatutajia Hadithi ya kwamba malaika hawaingii katika nyumba yenye picha. Maalim hakumaliza somo siku ile. Adhana ya Magharibi iliingia, akasema tutaendelea Jumamosi. Mimi sikuisubiri Jumamosi.

Nyumbani palikuwa na mgonjwa. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka 3, alikuwa na homa kali siku ya pili mfululizo. Usiku ule nililala macho wazi nikimsikiliza akilia, na mama akimpepea. Nikawaza: malaika wa rehma watamfikiaje mtoto huyu, na ukumbini kuna picha ya mtu? Naapa kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa naogopa mdogo wangu asife.

Alfajiri, baba alipokwenda msikitini na mama alipokuwa jikoni akichemsha maji, nilichukua wembe wa baba, nikapanda juu ya kiti, nikaanza kumkwangua yule mtu. Rangi ya mafuta iliyokauka miaka mingi haitoki kwa urahisi. Nikakaza mkono. Kikoi kikatoka, mzigo ukatoka, kisha amerikani yenyewe ikachanika, pakawa na tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikashuka, nikarudisha wembe mahali pake, nikasoma dua.

Siku ya tatu homa ya mdogo wangu ikapoa. Nikajipongeza kimoyomoyo. Niliamini kwamba nimemponya mimi.

"BABA YUKO WAPI?"

Mama hakugundua mapema, kwa sababu ya kumshughulikia mgonjwa. Ilikuwa asubuhi ya siku ya nne, anafagia ukumbi kama kawaida yake, nikasikia ufagio umesimama. Nikatoka. Nikamkuta anaitazama picha.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Nikamjibu, "Baba kaenda kazini."

Akasema pole pole, bila kugeuka, "Baba yangu mimi."

Ndugu msomaji, mimi sikujua. Siku zote nilidhani yule ni mtu tu, kama vile mti ni mti tu. Kumbe yule alikuwa babu yangu, baba yao mama na mjomba. Babu alikuwa akilima iliki kule mlimani, na kila msimu alikuwa akiteremka kwa miguu na mzigo kichwani kuupeleka Muheza sokoni. Alifariki mwaka 1974, kabla mimi sijazaliwa. Hakuacha picha hata moja, kwani alikuwa hapendi kabisa kupigwa picha. Baada ya kuzikwa, mjomba alikaa muda mrefu na huzuni yake, halafu akaichora ile mandhari. Alipofika kwenye njia alimweka baba yake, lakini alijizuia. Hakumchora uso. Hakumchora mkubwa. Alimgeuza mgongo, akamfanya punje ya mchele, ili ajulikane na wanawe wawili tu, na mtu mwingine yeyote aone msafiri. Kisha picha ile akampa mama siku ya harusi yake.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliketi kwenye mkeka akauweka ufagio kando, akaninyamazia mpaka jua likapanda.

MASWALI YA MAALIM

Jumamosi nilikwenda madrasa nikiwa na mashaka, lakini bado nilikuwa na tamaa ya kusifiwa. Nilijiambia kwamba mama ana huruma za kike, Maalim ndiye atakayenielewa. Basi kabla ya somo nikanyoosha mkono, nikasimulia mbele ya wenzangu wote: picha, wembe, na mdogo wangu alivyopona.

Maalim alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Picha ile ni mali ya nani?"

"Ya mama."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Sikumwomba."

"Hukumu ya picha ile ulimwuliza nani?"

Nikanyamaza.

"Na mdogo wako, hakunywa dawa yoyote?"

"Alikunywa klorokwini, Maalim. Baba alimpeleka hospitali."

Wenzangu wakacheka. Maalim akawanyamazisha, akafungua kitabu chake, akaendelea na somo pale pale alipolikatia. Nawaambia kweli, lile lilikuwa somo ambalo lau ningelisubiri siku nne tu, nisingelia miaka yote hii.

Alitueleza kwamba mtu mmoja alikuja kwa Ibn Abbas (r.a.), akamwambia kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akampa Hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya adhabu ya wenye kuzifanya. Yule mtu akabadilika rangi kwa khofu. Ibn Abbas alipoona hivyo, akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kufanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kitu kisicho na roho. "Mnaona?" akasema Maalim. "Hakumfukuza, wala hakumvunjia vyombo vyake. Alimwonyesha mlango wa halali."

Akatueleza pia khabari ya pazia la Bibi Aisha (r.a.) lililokuwa na picha. Mtume (s.a.w.) alipoliona alilichukia, na Bibi Aisha akalikata akafanyia mito. "Pazia lile," akasema Maalim, "lilikuwa ndani ya nyumba ya Mtume mwenyewe. Aliyelikata ndiye mwenye pazia. Na kitambaa hakikutupwa, kilitumika. Wewe uliingia kwenye mali ya mtu mwingine, kwa siri, alfajiri, kwa wembe."

Mwisho akasema wanazuoni wametofautiana juu ya kitu kidogo kisicho na uso. Wako waliosema kwamba hukumu ya taswira imefungamana na kichwa na uso, na wako waliokaza zaidi ya hapo. "Kwa hiyo jambo la yule mtu mdogo lina maelezo, na mwenye kuuliza angejibiwa. Lakini kuharibu mali ya mzazi wako bila idhini hakuna maelezo. Umekimbia jambo lenye shaka ukaangukia kwenye kosa lisilo na shaka. Sasa hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Mpaka mwenyewe akusamehe."

Sikupata adhabu nyingine. Nilirudi nyumbani, lakini midomo ilikuwa mizito. Nilishindwa kumkabili mama.

SAFARI YA MLIMANI

Mjomba alikuja wiki iliyofuata. Mama alikuwa ameshamweleza. Alisimama mbele ya picha, akapitisha kidole kwenye tundu, akanitazama. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango.

"Njoo, mpwa wangu," akaniita. "Shule zikifungwa tutakwenda mlimani mimi na wewe. Kamsalimie bibi yako."

Likizo ya Desemba ilipofika tulipanda basi hadi Muheza. Kutoka hapo tulipata lori hadi njiani, sehemu iliyobaki tukapanda kwa miguu. Njiani mjomba hakutaja picha hata mara moja. Alinionyesha miti. Alinifundisha kutambua iliki, ambayo maua yake huota karibu na ardhi, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Usiku tulilala kwa bibi, na baridi ya kule mimi nilikuwa sijawahi kuionja Tanga. Nilijifunika khanga mbili za bibi na bado nikatetemeka.

Baada ya sala ya Alfajiri mjomba akanichukua hadi kwenye jiwe. Nililitambua mara moja. Lilikuwa ni lile jiwe jeusi la kwenye picha. Tukakaa. Mbele yetu hapakuwa na kitu, ukungu mtupu, mweupe kama pamba. Nikauliza, "Iko wapi bahari?" Akasema, "Ngoja."

Jua likapanda. Ukungu ukaanza kuchanika, kwanza chini, halafu juu. Msitu ukatokea, kisha mabonde, kisha mistari ya mkonge. Na kule mwisho, mahali nilipodhani ni mbingu, nikaona kwamba ile si mbingu, ni maji. Bahari ilikuwa juu! Nilidhani ukiwa mlimani utaitazama bahari chini miguuni, kumbe imesimama mbali kama ukuta, juu ya nchi kavu yote.

"Ndiyo maana niliiweka juu kwenye picha," mjomba akasema. "Watu wengi huniambia nimekosea. Chuchumaa." Nikachuchumaa. "Simama. Umeona? Mstari wa bahari uko sawa na macho yako kila wakati. Ukipanda, nao unapanda nawe."

Nikamuuliza kwa nini nchi ya mbali ilikuwa buluu, na hali mkonge ni kijani. Akaniambia kwamba kati ya jicho na kitu cha mbali kuna hewa nyingi, na hewa hiyo hukifunika kitu kwa rangi yake. Ndiyo sababu alikuwa akiongeza buluu na nyeupe kidogo kidogo kila alipokwenda mbali zaidi kwenye picha. "Sikuitunga mimi," akasema. "Niliiona tu hapa, nikaifuata."

Kisha akaniuliza, "Umehifadhi Juzuu Amma?"

"Ndiyo, mjomba. Yote."

"Nisomee Suratul Ghaashiya."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa tajwidi, bila kukwama. Nilipofika pale Allah (s.w.) anapowataka watu wamtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa, mjomba aliinua mkono nikanyamaza.

"Unaisoma tangu lini?"

"Mwaka mzima sasa."

"Na uliwahi kutazama?"

Ndugu zangu, swali lile lilinipiga kuliko fimbo. Nilikuwa nimeihifadhi amri ya kutazama, nikaisoma mbele za watu nikasifiwa, na sikuwa nimetazama hata siku moja. Na mtu aliyekuwa ametazama, akatazama miaka, mpaka akaujua mstari wa bahari na rangi ya hewa, nilikuwa nimeitoboa kazi yake kwa wembe kwa kudhani mimi ndiye mwenye dini.

MAJI YA KUTAWADHIA

Mjomba akanionyesha mto Zigi, ulipokuwa ukimeta kwenye miti. Akaniuliza maji tunayotawadhia pale madrasa yanatoka wapi. Nikamwambia, "Bombani." Akacheka. Akanieleza kwamba mto ule unaanzia kwenye misitu ile ile tuliyoikalia, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na pale ndipo mji wa Tanga unapopata maji yake. Yanayobaki yanapita karibu na Amboni na kuingia baharini. Na upepo ukivuma kutoka baharini huja na unyevu, unagonga milima hii, unapanda, unapoa, unakuwa mawingu, kisha mvua. Mvua inaangukia msitu, msitu unaishika, na kuitoa pole pole mtoni.

"Sasa umeelewa kwa nini niliweka mlima na bahari kwenye picha moja?" akaniuliza. "Hivi si vitu viwili. Mlima unakunywa kwa bahari, na bahari inakunywa kwa mlima. Sisi tuko katikati, tunatawadha."

Hapo ndipo nililia. Nikamwambia, "Mjomba, nisamehe. Nimemharibu babu."

Alikaa kimya kidogo, akitazama ile njia nyekundu. Njia ipo kweli, wanapita watu hadi leo. Akasema, "Nilikusamehe siku ile ile nilipoona tundu. Nilijua ni mkono wa mtoto aliyeogopa. Lakini picha si yangu, niliitoa. Msamaha wa mama yako kauombe wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nilipofika Tanga sikuvua hata viatu. Nilimwendea mama jikoni, nikamshika mkono, nikamwomba radhi. Alinikumbatia na mkono wenye unga wa muhogo, akanichafua shati lote. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Na babu yako angekuwapo angekucheka."

KIRAKA

Mjomba aliikarabati picha mwenyewe. Alibandika kipande cha amerikani kwa nyuma, akakipaka rangi kwa mbele. Nilikaa karibu yake nikimshikia kopo. Nikamuuliza kama atamrudisha babu. Alikaa na brashi mkononi kwa muda, kisha akapaka udongo mwekundu, njia tupu.

"Mwache," akasema. "Mzee ameshateremka."

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilisoma juu ya Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik na kukamilika mnamo mwaka 715. Kuta zake zilipambwa kwa vipande vidogo vidogo vya vioo vya rangi, na hadi leo sehemu ya mapambo hayo ipo. Yanaonyesha mto, miti mikubwa, majumba na madaraja, lakini ndani yake hamna mtu wala mnyama hata mmoja. Wako wanaosema ni mfano wa Pepo, na wako wanaosema ni mto Barada wa Damascus wenyewe. Nilipoziona picha zake kitabuni nilimkumbuka mjomba na njia yake tupu. Nikafahamu kwamba mandhari isiyo na mtu si lazima iwe ukiwa. Huenda ikawa imeachiwa nafasi ili yule anayetazama aingie mwenyewe.

Mjomba alifariki mwaka 2009. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama aliponipa picha ile alisema, "Hii sasa ni yako, maana wewe ndiye unayeijua zaidi." Msitu ule wa Amani, sehemu yake kubwa ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na kila mara ninapofungua bomba nitie udhu huwa nalikumbuka lile jiwe. Kiraka sijakifunika. Mafundi wawili wamejitolea kukiziba kisionekane, nimekataa.

MAZINGATIO

Wanafunzi wangu wapenzi, nimalizie kwa mambo machache ya kuzingatia:

1. Ukisikia hukumu, isikilize mpaka mwisho. Nusu ya somo mkononi mwa mwenye hamasa ni wembe.

2. Uliza kabla ya kutenda. Kuuliza hakumpunguzii mtu imani, bali kunamwepusha na majuto.

3. Kukataza mabaya kuna adabu zake. Mali ya mtu, na khasa ya mzazi, haiguswi kwa siri hata ukiona una haki.

4. Ukimkosea mtu, mwendee yeye. Usitosheke na kuomba toba peke yako chumbani na hali mwenye haki yuko jikoni anakusubiri.

5. Na mnapohifadhi aya zinazotuamrisha kutazama, basi tazameni. Siku ya mapumziko waombeni wazazi wawapeleke mahali palipoinuka, hata kama si mlima. Mkifika, kaeni kimya, muache ukungu uondoke.

Nawaomba mumwombee dua mjomba wangu, na babu yangu aliyekuwa akiteremka na iliki, na wazazi wetu wote waliotangulia mbele ya haki. Allah (s.w.) awaghufirie, na atujaalie sisi elimu yenye manufaa na macho yenye kuona. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.